Jina Likiungwa na Pengo

Siku mliponiaga, baada ya Fanta na hotuba, mliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu rekete zetu, yale maswali tunayoiuliza mashine: nani aliyatunga, kwa nini mengine ni marefu kama foleni ya mafuta, na kwa nini kuna mstari mmoja ambao kila mara niliwakataza kuugusa. Sasa nimekaa nyumbani Buyenzi, gereji za jirani zinagonga mabati tangu asubuhi, na sina udhuru tena. Vyeo na mishahara sitaviandika, kwa sababu havitajaza hata aya moja. Nitaandika kuhusu kutafuta, maana ndiyo kazi niliyoifanya, na kuhusu mama mmoja wa Buterere aliyekuwa akimtafuta binti yake kwetu. Mstari ule ni wake.

Nilipoanza, ofisi ilikuwa vyumba viwili na kabati za chuma. Vita ilikuwa imewatawanya watu, na watoto waliookotwa njiani, kwenye misheni, hospitalini na kambini ng'ambo ya mpaka, kila mmoja alikuwa na kadi yake kwetu. Wazazi walikuja kuuliza, nasi tukatafuta. Mkuu wa kumbukumbu alikuwa Mzee Melchior, zamani mwalimu wa hesabu, mkazi wa Gihosha, mrefu, mwembamba, koti mwilini hata jua likiwaka vipi. Aliongea Kifaransa na wakubwa, Kirundi na wazazi, na mimi aliniongelesha Kiswahili cha sokoni, kwa sababu aliamua kwamba mtu wa Buyenzi hawezi kuelewa kingine. Kirundi changu kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake, lakini sikuwahi kumwambia.

Siku ya kwanza alinipeleka mbele ya kabati akaniambia nimtafutie mtoto anayeitwa Nduwimana. Nilivuta droo, ikawa imejaa akina Nduwimana. Nikavuta ya chini yake, nayo hivyo hivyo. Niliendelea mpaka adhana ya adhuhuri, vidole vimejaa vumbi, ndipo nikarudi kwake kumwambia kwamba wako wengi mno. Akajibu kwamba sasa naweza kuanza kazi. Kisha akanieleza, bila haraka, kwamba jina peke yake halimpati mtu. Uliza jina, na kilima alikozaliwa, na jina la mama. Kila ukiweka "na" kundi linapungua. Ukiweka "au" linaongezeka, na asiyejua kuitumia "au" ataletewa mji mzima. Kompyuta zilipokuja na hizo "na" na "au" zikageuka kuwa AND na OR, nilikuta somo nilishalisoma zamani kwenye vumbi la droo.

Kompyuta ya kwanza ilikuja pamoja na mtaalamu kutoka nje, kijana mwenye adabu aliyekunywa maji ya chupa tu. Alitutengenezea majedwali mazuri, yenye safu ya jina la ukoo, akawaunganisha ndugu wote kwa safu hiyo. Kwetu, ninyi mnajua, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na watu wanaokula sufuria moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata herufi. Mashine ilipoulizwa ndugu ni nani na nani, ikatoa familia moja kubwa ya akina Niyonkuru kutoka kila pembe ya nchi, wengi wao wakiwa wamezaliwa mwezi mmoja. Mapacha wawili wa Kayanza, Bukuru na Butoyi, ambao hata mtoto mdogo akisikia majina hayo anajua ni mapacha, iliwaweka mbalimbali kama watu wasiojuana. Mzee Melchior alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Kisha akakaa, akajifunza lugha ya ile mashine kwa kitabu cha Kifaransa, na akaandika upya kila kitu kwa namna ambayo mtu wa hapa angeweza kupatikana.

Nilikaa pembeni yake wakati wote huo, na yote ninayoyajua niliyapata pale. Alinifundisha kwamba alama ya asilimia kwenye LIKE, inayokaa mahali pa herufi usizozijua, ni ya mtu asiyekumbuka vizuri, na wazazi wetu wengi walikuwa wamechoka mno kukumbuka vizuri. Alinifundisha kuandika swali fupi kwanza, niangalie jibu, ndipo niliongeze. Alichukia nyota, ile SELECT ya kuchota kila safu, ambayo najua ninyi mnaipenda. Alisema ni tabia ya mtu anayeingia dukani na kuomba ashushiwe rafu zote.

Kazi yake kubwa ilikuwa ile tuliyoiita rekete ya Mzee. Watoto wetu walikuwa kwenye majedwali matatu: waliokaa vituoni, waliochukuliwa na familia, na waliopitia hospitalini. Mzazi aliyekuja hakujua mwanawe yuko jedwali gani, wala halikuwa jukumu lake kujua. Mzee aliyaweka majedwali hayo moja juu ya jingine kwa UNION, na katika kila moja akaliunga jina la ubatizo na jina la Kirundi yakawa neno moja refu. Kuna mzazi anayemtaja mtoto kwa jina la kanisani, kuna anayemtaja kwa jina la nyumbani, na kuna anayeyataja yote mawili kinyumenyume. Kwa neno lile refu, ukigusa popote, mtoto anatokea. Jina ndilo lilikuwa mlango wa kwanza, hata ukiuliza kwa kilima tu. Kilima na mlezi vilifuata baadaye, kupunguza kundi. Mimi niliona kwamba ni kitu kizuri, na nilijivunia kukaa karibu na mtu aliyekitunga.

Hapa lazima nimtaje Goreth, aliyekuwa akizunguka vituo vya bara kuandikisha watoto. Mwongozo wa yule mtaalamu ulisema kwamba jina lisilojulikana liwekewe X. Kwenye vituo kulikuwa na vitoto vingi ambavyo havijabatizwa, vita haikuvingoja, na nafasi ya jina la ubatizo haikuwa na cha kujazwa. Goreth, mtu wa misa kila Jumapili, alikataa X kabisa.

"Mi siweki X mahali pa jina la mutoto," alimwambia Mzee mbele yetu sote. "X ni ya kitu kimekatwa. Siku padri atamumwagia maji, tutaandika."

Waandikishaji wenzake wakamfuata. Nafasi ile waliiacha wazi, kama mtu anavyomwekea mgeni kiti. Mzee alikubali, na mimi Mwislamu, ambaye ubatizo haunihusu, niliona wamefanya vizuri. Lilikuwa jambo la heshima kwa watoto wasio na mtu, na hata leo siwezi kuliita vingine. Programu yetu ya kwanza haikujali: maneno yaliungwa kwa alama ya &, na ukiunga jina na pengo, ulibaki na jina.

Baadaye ile programu ilielemewa, ikawa inakwama kila umeme ukiyumba, tukahamia kwenye seva, mama wa hii mnayoitumia. Mzee aliihamisha rekete yake mwenyewe, mstari kwa mstari. Pale penye & akaweka CONCAT, kama kitabu kilivyoelekeza. Akaandika majina ya watoto tuliowajua, yakatoka yote. Tulipiga makofi, na mtu akaenda kununua brosheti za mbuzi.

Mama Keza alikuja kwa mara ya kwanza msimu ule ule. Jina lake mwenyewe lilikuwa Emeritha, lakini yeye alijitambulisha kwa jina la mwanawe, kama ilivyo desturi, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alikuwa amevaa imvutano, vazi letu la kufunga begani, iliyopigwa pasi, na miguu ilikuwa na tope la Buterere, kwa sababu alitoka kwenye mashamba ya mpunga na alikuja kwa miguu. Alisimulia kwa utulivu. Walipokimbia kilima chao mume alikuwa mgonjwa, hawezi kutembea peke yake, kwa hiyo yeye alimkokota mume, na dada yake mdogo akambeba Keza mgongoni. Kwenye njia panda watu walikuwa wengi, risasi zikasikika, wakatenganishwa. Mume alifariki kabla hawajafika mjini. Keza alikuwa anakaribia mwaka mmoja. Ubatizo wake ulikuwa umepangwa Pasaka.

Niliandika Keza, nikabonyeza. Akina Keza walitoka, kila mmoja na jina lake la kanisani mbele. Niliweka kilima, wakapungua. Niliweka jina la mdogo wake, aliyembeba, wakaisha. Nilimwambia bado hayupo. Mzee alitufundisha kutosema "hayupo" tu. Tuseme "bado hayupo", maana kila wiki waliandikishwa wengine.

"Umeangalia muzuri, dada Zaina?" aliniuliza.

Nilimgeuzia skrini aone mwenyewe, ingawa hakujua kusoma. Aliitazama kwa muda, akashukuru, akaondoka.

Alirudi kila baada ya mavuno. Kuna wazazi waliokuja wakatutukana, na tuliwaelewa, na kuna waliokuja mara moja wakakata tamaa. Mama Keza alikuja kama mtu anayekwenda kliniki siku aliyopangiwa. Nilimtafutia kwa jina, nilimtafutia kwa kilima peke yake, nilimtafutia kwa jina la yule mdogo wake, na mashine ikanijibu vilevile. Mzee Melchior alitoka mwenyewe ofisini kwake kumpokea. Waliongea Kirundi, habari za mvua na za mpunga, na wakati wa kuondoka alimsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakulifanya hata kwa wafadhili. Siku Mzee alipostaafu, Mama Keza alikuja na mchele kwenye kitambaa, akalia kuliko sisi wote tuliofanya naye kazi. Alisema kwamba huyo ndiye mtu pekee mjini anayemjua mwanawe.

Miaka ikaenda. Maji ya mvua yaliingia nyumbani kwake Buterere zaidi ya mara moja, akahama, akarudi, akahama tena. Nywele zikawa nyeupe, akaanza kutembea na fimbo. Mimi nikawa ndiye mkubwa wa ile meza, na ninyi mkaanza kuja mmoja mmoja na diploma zenu. Kila mavuno alikuja, nami nikaandika jina lile lile, kila mara kwa moyo mzito zaidi, maana sasa nilikuwa namtafuta mwanamke mzima na sikuwa na cha kumtofautisha ila herufi zile chache. Nilishaanza kuogopa msimu wa mavuno.

Muda mfupi kabla ya kustaafu kwangu, Wakongomani walivuka kwa wingi tena. Asubuhi moja mtu wetu wa mpakani alipiga simu kuandikisha mtoto mchanga aliyepatikana bila mzazi. Mama mmoja aliyemwokota alimsikia mwanamke akimwita Furaha. Jina jingine hakuna aliyelijua. Nilimwingiza mwenyewe, jina moja, na nafasi ya pili nikaiacha wazi kama Goreth alivyotuzoesha. Kabla ya chakula cha mchana baba yake akafika, viatu vimepasuka, simu mkononi. Niliandika Furaha. Mashine ikasema hakuna.

"Mama, bamesema mumemuandika leo," alisema. "Ule mutu wa mupaka ameniambia mu simu."

Nilijua ameandikwa, kwa sababu niliandika mimi. Nilimpigia mtu wa mpakani, mtoto akapatikana, na jioni hiyo hiyo baba alikuwa naye mikononi. Lakini mimi nilibaki kwenye kiti. Nilianza kuifungua rekete ya Mzee kipande kwa kipande, kama fundi jirani yangu anavyofungua injini, kila nati mahali pake. Niliondoa UNION, nikauliza jedwali moja tu: Furaha hatokei. Niliondoa WHERE, nikaomba watoto wote bila kuchuja: Furaha akatokea, mstari wa mwisho, kilima hakuna, tarehe ya leo. Lakini pale ambapo ilipasa kuwe na lile neno refu, majina mawili yaliyoungwa, palikuwa patupu. Hata Furaha lenyewe halikuwepo.

Hili mlisikilize vizuri, maana mashine haitawaambia. Pengo katika jedwali si neno tupu, wala si sifuri. Kwa mashine pengo ni "sijui". Ukiunga jina na "sijui" kwa CONCAT ya seva yetu, inakujibu "sijui", na jina ulilokuwa nalo linapotea humo humo. Ukiuliza kama "sijui" inafanana na Furaha, inajibu "sijui" tena. Na WHERE hupitisha tu wale waliojibiwa "ndiyo". Ndiyo maana hakuna kosa lililoonekana, hakuna taa nyekundu, hakuna ujumbe. Kila mtoto ambaye padri hakuwahi kumfikia alikuwa amesimama ndani ya jedwali letu, na kila tulipouliza, kwa jina, kwa kilima au kwa mlezi, aliachwa nje kwenye mlango wa kwanza.

Dawa yake ni neno moja, COALESCE, linaloiambia mashine: kama jina la ubatizo hulijui, chukua neno tupu uendelee. Huo ndio mstari niliowakataza kuugusa. Niliuandika, nikabonyeza, na skrini ikajaa watoto ambao sikuwahi kuwaona. Nilishuka nao polepole. Keza alikuwa kati yao. Kilima kilikuwa chake, mlezi alikuwa yule mdogo wa mama yake, kituo kilikuwa mashariki ya nchi. Aliandikishwa kabla mama yake hajafika kwetu kwa mara ya kwanza. Safu ya mwisho, sababu ya kuondoka: amefariki, malaria. Ilikuwa misimu michache baada ya mama yake kuanza kuja. Wakati Keza anaugua, sisi huku tulikuwa tunamwambia mama yake bado hayupo.

Nililia pale pale mezani. Baadhi yenu mlikuwepo, mkadhani nalia kwa sababu ya kustaafu, mkaniletea maji na kuniambia kwamba nitakuja kuwatembelea. Sikuweza kuwaeleza siku ile. Mnakumbuka miezi iliyofuata, nilivyowatuma huku na huko mpaka mkanung'unika. Baadhi ya wale watoto tuliwapata, wamekuwa watu wazima wenye watoto wao, na wachache wao walikuwa na mzazi aliye hai. Furaha hizo mlizishuhudia, ziandikeni ninyi. Mimi nilikuwa nazihudhuria na akili yangu iko Buterere.

Kwenda kwa Mama Keza nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta nje, anapepeta mchele. Alipoona nimekuja mimi kwake, badala ya yeye kuja kwangu, aliweka ungo chini. Nilimwambia kwamba tumempata Keza kwenye mashine, na kwamba alifariki akiwa mdogo, kituoni, na mdogo wake aliyemfikisha pale hakuonekana tena. Nilisema yote kwa pumzi moja kwa sababu nisingeweza kuyasema mara mbili. Alikaa kwenye mkeka. Hakulia mbele yangu. Alisema siku nyingi moyo wake ulikuwa unamwambia hivyo, lakini moyo si mtu wa kuaminiwa. Aliuliza kituo kilikuwa wapi, na kama watoto wa pale walizikwa vizuri. Nilimjibu nilichokijua.

Hakuniuliza kwa nini hatukumuona miaka yote ile, na mimi sikumwambia. Nilijiambia kwamba msiba mmoja unatosha kwa siku moja. Lakini alifunga imvutano yake upya begani, akasema tunakwenda kwa Mzee.

Nilijaribu kumzuia. Mzee alikuwa mgonjwa wa moyo, hatoki nyumbani, na mke wake alituomba tusimletee habari nzito. Mama Keza hakutaka kusikia.

"Ule mzee amemutafuta na mi," alisema. "Lazima ajue tumemupata."

Tulimkuta Gihosha kwenye baraza, koti mwilini, blanketi miguuni. Alimtambua mara moja, akataka kusimama, akashindwa. Mke wake alileta chai. Mama Keza alimweleza kwa Kirundi, taratibu, kama yeye ndiye anayempa mwenzake pole. Mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akanigeukia mimi na Kiswahili chake cha sokoni.

"Tulikuwa naye mu base?"

Nilimjibu kwamba tulikuwa naye humo kwenye mashine.

"Tangu lini?"

Nilisema tangu kabla mama hajaja. Nilitamani angeishia hapo. Alitazama chini, midomo ikicheza kama alivyofanya zamani akisoma mistari kimoyomoyo, na mimi niliyekaa pembeni yake miaka yote ile nilijua anasoma nini. Aliipitia rekete yake yote kichwani, mstari kwa mstari. Kisha akamwuliza Mama Keza, kwa Kirundi, kama mtoto alikuwa amebatizwa.

Akamjibu hapana, walikuwa wanangoja Pasaka.

Mzee alivua miwani. Nimeshamwona akigundua makosa ya watu wengi, yangu yakiwemo, na kila mara uso wake ulifunguka kwa raha ya kupata. Siku ile ulifungika. Sikuwa nimemwambia neno lolote kuhusu lile pengo, na hakuhitaji kuambiwa. Nilianza kusema kwamba ni seva, kwamba kitabu kilielekeza hivyo, kwamba hakuna kati yetu aliyeona. Aliinua kidole ninyamaze. Alimwambia yule mama ukweli, bila maneno ya kazini: kwamba mashine ilikuwa inataka majina mawili, na mwanawe alikuwa na moja, kwamba aliyeifundisha mashine hivyo ni yeye Melchior, kwamba alipokuwa akimsindikiza mpaka barabarani, mtoto alikuwa ndani, ameandikwa, yuko hai. Alimwomba msamaha. Sauti yake ilikuwa ndogo sana, na mke wake alisimama mlangoni na birika mkononi, hajui aweke wapi.

Mama Keza aliutoa mkono wake kwenye mikono ya Mzee. Hakuuvuta kwa nguvu. Aliuondoa tu, akauweka juu ya mwingine mapajani. Nilidhani atapiga kelele, na ningefurahi angepiga. Alitazama bondeni, upande wa Buterere, halafu akaniuliza mimi, kwa Kiswahili, kana kwamba Mzee hayupo.

"Dada Zaina, ile siku ya kwanza mi nilikuja kwenu, alikuwa mukubwa namna gani?"

Kulikuwa na safu ya maelezo, na nilikuwa nimeisoma mpaka nikaikariri. Goreth aliijaza kwa mkono wake. Nilimwambia Keza alikuwa ameanza kutembea. Alikuwa anakula mwenyewe. Hakuwa mtoto wa kulia sana.

"Na jina lake, alikuwa analijua?"

Nilimwambia ndiyo. Goreth aliandika kwamba mtoto anaitika akiitwa.

"Keza?"

"Keza."

Aliitafuta fimbo yake pembeni ya kiti, akasimama.

"Basi mungemwita tu," alisema. "Angekuja."